Guarda: namna ya kukielewa na kukitembelea kijiji kimya cha Engadin

Kituo cha treni cha Guarda hakiko Guarda. Kiko chini bondeni, jirani na mto Inn, ilhali kijiji chenyewe kimekaa ubavuni mwa mlima, mita 1,653 kutoka usawa wa bahari, zaidi ya mita 200 juu ya reli. Mgeni asiyelijua hilo hushuka na sanduku lake la magurudumu, treni ikaondoka, akabaki anatazama msitu. Akiwa na bahati, basi dogo la njano la posta linamsubiri na baada ya dakika chache za kona kali atakuwa kijijini. Asipokuwa na bahati, atapanda kwa miguu karibu saa nzima.

Umbali huo kati ya reli na kijiji ni usumbufu, lakini ndio uliokiokoa. Guarda kimepona kwa sababu ya mambo kadhaa yaliyofuatana: njia iliyohama, umaskini, mafundi waliojua chokaa, na sheria. Anayeyaelewa mambo hayo huelewa pia kwa nini duka limefungwa mchana, kwa nini madirisha ni madogo, na kwa nini asiende mwezi wa Novemba.

Kwanza, mahali penyewe

Guarda kiko mashariki kabisa mwa Uswisi, katika jimbo la Graubünden, kwenye bonde liitwalo Engadin ya Chini. Kina wakazi wasiofika 200. Tangu tarehe 1 Januari 2015 si manispaa tena. Kiliunganishwa na Ardez, Ftan, Sent na Tarasp chini ya Scuol, ambayo kwa ukubwa wa eneo ndiyo manispaa kubwa kuliko zote Uswisi. Kwa hiyo ukitafuta ofisi ya serikali, au hata duka kubwa la vyakula, jibu ni Scuol.

Kwa mwinuko, Guarda kinakaribiana na Nairobi. Kinachotofautisha hali ya hewa ni latitudo: hapa tuko karibu nyuzi 47 kaskazini mwa ikweta, ndiyo maana theluji hulala ardhini miezi kadhaa. Bonde lenyewe ni kavu kuliko sehemu nyingi za Alps, kwa kuwa milima iliyolizunguka pande zote huzuia mvua. Jua ni jingi, na likigonga theluji huumiza macho na kuunguza ngozi, nyeusi na nyeupe vilevile. Miwani ya jua si urembo huku.

Lugha ya kijiji si Kijerumani. Ni Kiromanshi, lugha iliyozaliwa na Kilatini na iliyokubaliwa kuwa lugha ya taifa ya nne ya Uswisi katika kura ya wananchi ya mwaka 1938. Kiromanshi kina lahaja tano zenye maandishi yake. Ya Guarda huitwa Vallader. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu watu wapatao 60,000 wanaoitumia lugha hii mara kwa mara katika nchi nzima. Msemaji wa Kiswahili aliyezoea kusikia lahaja za Unguja, Pemba, Mvita na Lamu zikikaa pamoja na Kiswahili sanifu hatapata tabu kuielewa hali hii: mwaka 1982 iliundwa Rumantsch Grischun, lugha ya maandishi ya kuziunganisha lahaja zote tano, na mpaka leo wapo wanaoipenda na wapo wanaoona kwamba inazimeza lahaja za nyumbani.

Maneno matatu yanatosha kufungua milango. Allegra ni salamu ya wakati wowote. Grazcha fich ni asante sana. Ile ch ya mwisho hutamkwa karibu na ch ya chai. A revair ni kwaheri. Kila mtu hujua Kijerumani, na wenye hoteli hujua Kiingereza cha kutosha, lakini katika kijiji cha watu 200 kumpita mtu bila kumsalimu ni utovu wa adabu kama ilivyo kijijini kwetu. Anza wewe mgeni.

Moto, barabara, na umaskini uliohifadhi

Nyumba nyingi zinazoonekana leo ni za karne ya 17, na sababu yake ni chungu. Mwaka 1622, katika vita vilivyolitikisa eneo la Graubünden, majeshi ya Austria yalivichoma moto vijiji vya Engadin ya Chini, Guarda kikiwemo. Watu walipojenga upya walijenga karibu kwa wakati mmoja, kwa ufundi wa aina moja, juu ya kuta za mawe zilizosalimika. Ndiyo maana kijiji kinaonekana kama kilichorwa na mkono mmoja.

Wakati huo njia kuu ya bondeni ilipita katikati ya Guarda. Wafanyabiashara, wanyama wa mizigo na wasafiri walilala hapo, na fedha zao zilizunguka kijijini. Karne ya 19 ikajengwa barabara mpya chini kabisa, kandokando ya mto. Mwaka 1913 reli ikafuata njia hiyohiyo ya chini. Guarda kikaachwa juu. Biashara ikafa, vijana wakaondoka, na waliobaki hawakuwa na fedha za kubomoa nyumba ya babu ili wajenge hoteli ya ghorofa sita. Vijiji vilivyokuwa njiani vilipata maendeleo na kupoteza sura. Kilichoachwa kilibaki na sura yake, ikiwa imechakaa.

Kuondoka lenyewe halikuwa jambo geni. Kwa karne nyingi watu wa Engadin walikwenda kufanya kazi ya kuoka keki na kutengeneza peremende katika miji ya mbali, Venice ikiwa mbele, mpaka walipofukuzwa huko mwaka 1766 na kutawanyika Ulaya nzima. Wahamaji hao huitwa kwa Kiromanshi randulins, yaani mbayuwayu, kwa kuwa walirudi nyumbani wakati wa kiangazi kama ndege hao. Fedha walizorudi nazo zililipa mapambo ya kuta unazozipiga picha.

Kati ya mwaka 1939 na 1945 msanifu Iachen Ulrich Könz aliongoza ukarabati wa kijiji kizima. Hilo si jambo dogo. Alizichukulia nyumba zote kuwa kitu kimoja, akarudisha mapambo yaliyofifia badala ya kupaka rangi mpya. Mwaka 1945 mkewe, Selina Chönz, alitoa hadithi ya watoto iliyochorwa na Alois Carigiet, Schellen-Ursli, juu ya mvulana na kengele yake. Nyumba iliyochorwa humo imefuata sura ya nyumba za Guarda, na hadi leo familia nyingi hupanda kilima hiki kwa ajili yake. Kisha mwaka 1975 kijiji kikapewa Tuzo ya Wakker, inayotolewa kila mwaka na chama cha kuhifadhi urithi wa Uswisi. Tuzo hiyo ilianza mwaka 1972, kwa hiyo Guarda ni kati ya vijiji vya kwanza kabisa kuipata.

Namna ya kuisoma nyumba

Hapa ndipo mgeni mwenye haraka hupoteza mengi. Hupiga picha ya ukuta akaondoka, wakati nyumba ya Engadin ni mtambo. Watu, ng'ombe na nyasi za majira yote ya baridi viliishi chini ya paa moja, na kila sehemu ina kazi.

Simama mbele ya mlango mkubwa wenye tao. Aghalabu utaona milango miwili: mmoja wa usawa wa barabara au wenye kijipandisho mbele yake, na mwingine chini yake ukiteremka. Wa juu huingia kwenye sulèr, ukumbi mpana unaopita nyumba kutoka mbele hadi nyuma. Upana huo si fahari. Gari la kukokotwa lililojaa nyasi kavu lilipita humohumo, likavuka ukumbi, likaingia talvo, yaani ghala la nyasi lililopachikwa nyuma ya nyumba. Mlango wa chini huelekea cuort, ua wa ndani unaokwenda kwenye zizi. Kwa hiyo wanyama walipita chini, watu na nyasi wakapita juu, na joto la ng'ombe likasaidia kuipasha nyumba.

Ubavuni mwa sulèr vimepangwa vyumba vitatu. Mbele kabisa ni stüva, sebule. Katikati chadafö, jiko. Nyuma stoo ya chakula. Stüva ndicho chumba pekee kilichopashwa moto sawasawa. Kuta zake za ndani ni magogo na mbao za msonobari wa milimani, ambao harufu yake hukaa miaka mingi baada ya mti kukatwa. Tanuri lililomo stüva huwashwa kutokea jikoni, upande wa pili wa ukuta, ili moshi na majivu visiingie sebuleni. Juu ya tanuri mna kitundu chenye kifuniko kwenye dari. Usiku kilifunguliwa: joto likapanda hadi chumba cha kulala, na watu wakapanda kwa kupitia hapohapo bila kutoka ukumbini kwenye baridi.

Nje ya mbao hizo umejengwa ukuta mnene wa mawe. Hii ndiyo siri ya madirisha. Dirisha lenyewe ni dogo, kwa sababu kioo ndicho mahali joto linapotorokea, lakini ukuta umechongwa mfano wa faneli, mpana nje na mwembamba ndani, ili mwanga wa pembeni uteleze kwenye chokaa nyeupe na kuingia. Mtu anayelipanua dirisha la namna hii ili aone mlima vizuri huharibu mambo mawili kwa pigo moja: joto, na uso wa nyumba.

Kuna dirisha moja lisilofuata kanuni: balcun tort, kibanda kidogo cha dirisha kinachochomoza nje ya stüva. Hutazama njia na, mara nyingi, kisima cha mtaa. Hicho ni kitu cha kuzingatia unapotembea. Nyumba hazikupangwa zielekee mandhari. Zimeelekea kisima, ambacho ni birika la mbao au la mawe lenye mfereji unaotiririka mchana na usiku. Hapo ng'ombe walinyweshwa na nguo zikafuliwa, na kila kundi la nyumba lilikuwa na kisima chake na zamu zake. Mbele ya mlango wa nyumba nyingi lipo benchi la kuegemea ukutani, la kupumzikia jioni na kuzungumza na wapitao. Mtu wa pwani atalitambua mara moja: ni baraza. Na kama ilivyo kwa baraza, usikae bila kukaribishwa. Ni sehemu ya nyumba ya mtu.

Sgrafito: chokaa na saa

Michoro ya kuta haikupakwa rangi. Imekwanguliwa. Ufundi huo, sgrafito, ulitoka Italia katika karne ya 16, na mtu aliyekulia kwenye nyumba za chokaa za Lamu au Zanzibar ana mwanzo mzuri wa kuuelewa.

Fundi hupiga kwanza lipu ya chokaa na mchanga, yenye rangi ya kijivu ambayo hutokana na mchanga wenyewe, wakati mwingine ikikolezwa kwa majivu au mkaa. Lipu ikiwa bado mbichi, hupakwa juu yake tabaka jembamba la maji ya chokaa nyeupe. Kisha fundi huchukua chuma chenye ncha, rula na bikari, akachora na kukwangua weupe ili kijivu kilichopo chini kionekane. Duara na maua ya petali sita hutoka kwenye bikari. Mistari ya mawimbi na vipande vinavyoigiza mawe ya pembeni hutoka kwenye rula. Nguva na samaki wa baharini nao wamo, katika bonde lililo mbali sana na bahari yoyote. Huandikwa pia mwaka, herufi za mwenye nyumba, na methali au aya kwa Kiromanshi au Kilatini.

Ugumu wote uko kwenye wakati. Ukianza mapema, lipu ni laini mno, ukingo wa mchoro hutambaa na kuvurugika. Ukichelewa, chokaa imeshika, chuma huruka na kumega vipande. Ndiyo maana fundi hupiga lipu eneo analoweza kulimaliza siku hiyohiyo, na huikimbia siku ya jua kali na upepo. Baada ya hapo chokaa hunyonya hewa ya ukaa na kugeuka jiwe tena polepole, na mchoro unakuwa sehemu ya ukuta. Huo ndio uimara wake: hakuna rangi ya kubanduka.

Kinachouua ni saruji. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Ukizibwa nyufa kwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, hutafuta njia kwenye chokaa iliyo jirani, huganda wakati wa baridi, hupanuka, na lipu ya zamani hudondoka vipande vipande ilhali kiraka cha saruji kimebaki kizima. Ukiona ukuta wenye kiraka kigumu cha kijivu na lipu iliyovimba pembeni yake, umeona kosa hilo. Unaweza kuona sgrafito bila kugusa; vidole vya maelfu ya wageni hufanya kazi ileile inayofanywa na barafu.

Kufika bila kupotea

Kutoka Zürich panda treni hadi Landquart, saa moja na dakika chache. Hapo badilisha uingie reli nyembamba ya Rhätische Bahn, yenye upana wa mita moja, kuelekea Scuol-Tarasp. Baada ya Klosters utaingia handaki la Vereina, lenye urefu wa kilomita 19, lililofunguliwa Novemba 1999. Kabla ya handaki hilo, kufika huku majira ya baridi kulimaanisha kuzunguka mbali, kwa kuwa njia ya mlima Flüela, mita 2,383, hufungwa na theluji.

Kituo cha kwanza baada ya handaki ni Sagliains, na kina tabia isiyo ya kawaida: abiria hawezi kutoka nje. Ni mahali pa kubadilishia treni tu, bila njia ya miguu kwenda popote. Ukishukia hapo kwa makosa, subiri treni inayofuata na usitembee relini. Anayetokea upande wa St. Moritz au Zernez ndiye anayebadilisha hapo.

Vituo vidogo vingi vya reli hii ni vya kuomba. Tangazo likitaja jina la kituo chako, bonyeza kitufe kilicho karibu na mlango. Ukiwa nje unasubiri, bonyeza kitufe cha kituoni. Usipobonyeza, treni hupita, na hakuna wa kumlaumu. Kituo kinachofuata ni Ardez, mahali pazuri, lakini basi lako litakuwa limekwenda.

Basi la kupanda kijijini limepangwa likutane na treni. Angalia ratiba ya safari nzima kwenye programu ya simu ya SBB, shirika la reli la Uswisi, ukiandika jina la kijiji na kituo cha basi, wala usiishie kwenye jina la kituo cha treni. Angalia hasa basi la mwisho. Vijiji vidogo havina mabasi ya usiku wa manane, na anayefika Zürich kwa ndege ya jioni hafai kulazimisha kufika Guarda siku hiyo. Alale Zürich au Landquart.

Kwa nauli, tiketi kamili za Uswisi ni ghali, lakini ipo tiketi ya siku nzima ya bei nafuu ambayo bei yake huwa chini kadiri unavyoinunua mapema, na ipo kadi ya nusu nauli. Fanya hesabu ya safari zako zote kabla ya kununua. Watoto walio chini ya miaka 6 wakiwa na mtu mzima hawalipi. Ukilala bondeni utatozwa kodi ndogo ya mgeni kwa kila usiku. Uliza kama malazi yako yanatoa kadi ya mgeni na kama inahusisha mabasi na treni za jirani.

Mwenye gari hupita juu ya behewa: gari hupandishwa kwenye treni huko Selfranga, karibu na Klosters, na kushushwa Sagliains baada ya robo saa na ushei. Gari huachwa kwenye maegesho mlangoni mwa kijiji. Vichochoro ni vyembamba na vimetandikwa mawe, na trekta la mkulima ndilo lenye haki ya kwanza.

Kuhusu viza: Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen tangu mwaka 2008. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi anahitaji viza ya Schengen, hata kama anaishi Uingereza au Oman kwa kibali halali. Anayeishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen kwa kibali cha ukaazi haihitaji kwa ziara fupi. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, yasipungue siku 15. Unaomba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Wengi hukosea hapo: wanakaa siku 6 Italia na 2 Guarda, wakaomba Uswisi.

Jambo dogo linalosumbua: soketi za Uswisi zina matundu matatu ya duara katika umbo lao wenyewe. Plagi ya Kenya na Tanzania ya miguu mitatu mipana haiingii, wala ile nene ya duara ya Kijerumani. Plagi nyembamba ya pini mbili, ya chaja ya simu ya Ulaya, huingia.

Wakati wa kwenda

Mwaka una misimu miwili ya wageni na mapengo mawili. Kiangazi huanza Juni hadi katikati au mwisho wa Oktoba. Baridi huanza katikati ya Desemba na kuishia karibu na Pasaka. Katika mapengo, yaani baada ya Pasaka hadi Mei na mwezi wote wa Novemba, wenye hoteli na mikahawa hufunga ili wapumzike na kukarabati. Kijiji kinakuwa kimya kweli, na hupati kikombe cha kahawa.

Kama ni mara moja tu, chagua mwanzo hadi katikati ya Oktoba. Huku upo msonobari uitwao lachi, ambao tofauti na ndugu zake hupukutisha sindano. Kabla ya kupukutisha hugeuka njano ya dhahabu, na miteremko yote ya bonde huwaka. Juni nayo ina maua ya mbuga kabla nyasi hazijakatwa. Theluji ikibaki juu mapema Juni, njia za mwinuko mkubwa huwa hazipitiki.

Tarehe 1 Machi ni Chalandamarz, siku ya watoto kuzunguka kijiji na kengele za ng'ombe wakiyafukuza majira ya baridi. Jina limetokana na Kilatini, siku ya kwanza ya Machi. Ni desturi ya wenyeji, wala si maonyesho ya watalii. Ukienda, simama pembeni, usiingie kwenye msafara kutafuta picha, na usimpige picha ya karibu mtoto wa mtu bila kuwauliza wazazi.

Kula, na kutembea

Migahawa ni michache na jikoni hufungwa mapema. Piga simu kuweka meza. Saa za mchana, kati ya saa 6 na saa 8 hivi, duka dogo la kijijini huweza kufungwa, na Jumapili usitegemee kitu. Nunua mahitaji Scuol. Maji ya visima ni safi na unaweza kujaza chupa, isipokuwa palipoandikwa Kein Trinkwasser, yaani si maji ya kunywa.

Asiyekula nguruwe aulize kila sahani. Nyama kavu ya Bündnerfleisch ni ya ng'ombe, ingawa haikuchinjwa kwa taratibu za halali. Capuns, madonge ya unga yaliyofungwa kwenye majani ya mboga, kwa kawaida huchanganywa vipande vya soseji au nyama iliyokaushwa. Plain in pigna, chakula cha viazi vilivyokwanguliwa na unga wa mahindi kinachookwa tanurini, mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe ndani. Keki ya jozi, yenye unga wa siagi nje na jozi zilizoungwa kwa sukari iliyounguzwa na malai ndani, haina nyama. Miti ya jozi haioti kwenye mwinuko huu. Keki hiyo ni kumbukumbu ya wale mbayuwayu waokaji.

Njia nzuri kuliko zote kwa mgeni ni ya kwenda Ardez kupitia kitongoji cha Bos-cha. Ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, ukipita pembeni mwa matuta ya kilimo ya zamani, bila mpando mkali. Ardez kina nyumba yenye picha ya Adamu na Hawa ukutani na magofu ya ngome ya Steinsberg, na kituo chake cha treni kiko karibu na nyumba. Kwa hiyo tembea kutoka Guarda kwenda Ardez kuliko kinyume chake, usije ukamaliza siku ukisubiri basi. Mwenye mapafu na siku nzima aende Val Tuoi hadi kibanda cha Chamanna Tuoi, mita 2,250, chini ya kilele cha Piz Buin. Kupanda pekee ni saa mbili na nusu au zaidi.

Vibao vya njano huonyesha muda, si kilomita, na muda huo hauhesabu kupumzika. Asiyezoea milima aongeze theluthi. Alama ya njano tupu ni njia ya kawaida. Nyeupe-nyekundu-nyeupe hutaka buti na umakini. Nyeupe-bluu-nyeupe ni ya wapanda milima wenye vifaa. Lango la malisho ulilolikuta limefungwa, lifunge tena. Ng'ombe mwenye ndama mzunguke kwa mbali, hasa ukiwa na mbwa, maana ajali mbaya malishoni hutokea mtu anapojipenyeza kati ya mama na mwanawe. Kiangazi mvua ya radi huja alasiri, hivyo panda asubuhi na uwe umeteremka mapema. Nambari ya ambulensi ni 144, ya uokoaji kwa helikopta wa Rega ni 1414, na 112 hupatikana kila mahali.

Kati ya saa 4 usiku na alfajiri ni muda wa kimya, na hapa husemwa kwa maana. Sauti ya simu yenye spika, magurudumu ya sanduku juu ya mawe, mlango wa gari unaopigwa: vyote husikika hadi mtaa wa pili, kwa kuwa kuta zote zimeelekeana kisimani. Ukiondoka alfajiri kuwahi basi la kwanza, libebe sanduku mkononi hadi kituoni.